Kitanda cha fundi, cha dukani, cha chuma au cha mtumba: kipi kitadumu ukiwa na bajeti ya kubana?

Chumba cha kulala kina vitu viwili vinavyobeba mzigo wa kweli: kitanda na kabati. Meza ya vipodozi, stuli, vijidroo vya pembeni na kapeti vinaweza kusubiri mwaka mzima na hakuna atakayekosa usingizi. Nalisema hili mapema kwa sababu anayeanza maisha Dar es Salaam mara nyingi huingia dukani akitafuta "seti", akalipia vitu vitano kwa fedha ya viwili, na muda si muda vyote vitano vinalegea kwa pamoja.

Nalinganisha hapa njia sita. Dar inafaa kuwa mfano kwa kuwa ina kila kinachoua fenicha: unyevu wa bahari, mchwa, sakafu inayodekiwa kila siku, na wapangaji wanaohama kodi ya miezi sita inapoisha. Kitanda kinachodumu Mbagala kitadumu karibu popote, ingawa mikoa mikavu kama Dodoma ina ugomvi wake na mbao mbichi, nitaugusia.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa. Sehemu kubwa ya fedha iende kwenye fremu ya kitanda ya mbao ngumu, kazi ya fundi, bila mapambo. Kabati lije baadaye, au liwe la mtumba. Kitu chochote cha chipubodi kikae mbali na maji. Atakayekuwa na haraka anaweza kuishia kwenye jedwali hili, lakini mambo yenyewe yako chini yake.

| Njia | Gharama ya kuanzia | Kinachoharibika kwanza | Kutengenezeka | Kuhama nacho |
|---|---|---|---|---|
| Fundi, mbao ngumu | Juu | Chaga (vibao vya kubebea godoro), vanishi | Fundi yeyote, mtaa wowote | Kizito, salama kikiwa cha bolti |
| Fundi, paini | Chini | Kupinda, wadudu | Rahisi | Chepesi |
| Dukani, MDF na chipubodi | Kati | Bawaba, kingo zilizolowa | Kwa shida | Kila kukifungua kinadhoofika |
| Kitanda cha sofa (kilichovikwa sponji na kitambaa) | Kati hadi juu | Ngozi ya bandia | Nusunusu | Taabu |
| Chuma | Chini | Kutu, kelele | Fundi wa kuchomelea | Rahisi |
| Mtumba | Inategemea bahati na jicho lako | Inategemea | Inategemea | Inategemea |

Mbao ngumu kwa fundi

Ukiingia Keko, ambako mafundi seremala wamejaa pande zote, majina utakayosikia ni mninga, mkongo, tiki na, mara chache, mvule. Yote ni mbao nzuri. Kinachotofautiana ni tabia.

Mninga umejipatia jina kwa sababu moja ya msingi: ukishakauka umetulia. Hausinyai sana, haupindi, droo iliyotengenezwa kiangazi haigomi kufunguka masika. Uzito wake ni wa wastani, kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo fundi anaufanyia kazi bila kuua msumeno, na moyo wake wa kahawia wenye michirizi myekundu mchwa hawaupendi. Mti wenyewe unaota kwenye miombo, huko Tabora, Katavi, Ruvuma na Lindi, na unakua taratibu mno. Wa kufaa kupasuliwa mbao umekaa porini miongo kadhaa, ndiyo maana usitegemee bei yake kushuka.

Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Kwa miguu na mifumbati, yaani zile mbao mbili ndefu za ubavuni, sioni wa kuushinda. Ila kitanda cha sita kwa sita cha mkongo mtupu kikihitaji kupandishwa ghorofa ya tatu, tafuta vijana wenye nguvu na uwaandalie soda kabisa.

Tiki ina faida ya kupandwa. Serikali ina mashamba yake Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero lina mashamba ya kampuni binafsi yaliyoanza miaka ya 1990. Tiki iliyokomaa ina mafuta yake ya asili, maji na wadudu havina nafasi. Tiki ya mti mchanga ni habari nyingine: sehemu kubwa ya ubao ni ile nyeupe ya nje, na kwa sehemu hiyo jina la tiki halikusaidii kitu.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote la mbao ngumu. Kila mti una moyo wa katikati, wenye rangi iliyokolea, na una weupe ulio karibu na gome. Sifa zote unazozisikia za mninga kutokuliwa ni za moyo. Weupe wake unaliwa vizuri tu na bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Dalili yake utaiona sakafuni asubuhi: vijirundo vya unga laini kama wa mhogo chini ya mfumbati, na ukigonga ubao kwa kidole unadondoka mwingine. Ukiinama na tochi utaona matundu madogo ya duara, ya kuingiza kijiti cha kibiriti kwa shida. Mwenye kitanda ataapa kwamba alinunua mninga, na ni kweli alinunua mninga. Alinunua weupe wa mninga.

Ukinunua kitanda kilichokwisha kupakwa vanishi, unanunua rangi. Rangi ya mninga inauzwa kwenye kopo, na chini yake kunaweza kuwa na paini, mkaratusi au weupe mtupu. Kwa hiyo omba kigeuzwe. Angalia upande wa chini wa mfumbati, mgongo wa ubao wa kichwani, na sehemu ya ndani ambako chaga hulala, kwa kuwa huko fundi hapotezi rangi. Tazama vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, uone kama rangi imeingia ndani au imekaa juu tu. Kwaruza kwa kucha mahali pasipoonekana: paini itaacha alama, mkongo hautajali. Nyanyua upande mmoja; kitanda chepesi cha "mninga" kina maelezo ya kutoa. Tafuta pia viraka vya gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kimoja kuziba kasoro ni kawaida, vikiwa vimejipanga mstari ujue vinaficha matundu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuagiza, tena uone mbao kabla hazijaguswa. Mgawanyo wa malipo unaofanya kazi ni huu: kianzio cha kununulia mbao, fungu la pili ukikagua kitanda kikiwa kimeunganishwa lakini hakijapakwa chochote, na salio kikifika nyumbani na kufungwa. Fundi anayekataa usije kuona kitanda kabla ya vanishi amekwisha kukujibu. Na kuhusu muda, ukiambiwa wiki moja panga wiki tatu. "Kesho njoo" ya fundi seremala haihitaji maelezo kwa aliyewahi kushona nguo ya sikukuu.

Sasa maungio. Mguu na mbao za kichwani ziungane kwa ulimi ulioingia kwenye tundu na kutiwa gundi, wala siyo kwa misumari peke yake. Shika ubao wa kichwani kwa mikono miwili utikise. Kikinesa kikiwa kipya, fikiria kitakuwaje baada ya mwaka wa watoto kuruka juu yake. Mfumbati ufungwe kwenye mguu kwa bolti mbili kila kona, zenye washa na nati, siyo skrubu zilizopigwa kwenye kichwa cha ubao. Skrubu za namna hiyo zinalegea, zinakazwa, zinalegea tena, na siku ya kuhama tundu linakuwa limekwisha. Bolti unaifungua kwa spana, unapakia kirikuu, unafunga upya kule unakokwenda, na kitanda hakijui kama kimehama.

Mahali wanapopunguzia gharama bila wewe kujua ni kwenye chaga. Fremu ya mkongo, chaga za vipande vya paini vya unene wa kidole, zimeachana nusu ya shibiri. Godoro la sponji juu ya nafasi kubwa hivyo linaanza kuzama, halafu lawama zinaenda kwa godoro. Taka nafasi isiyozidi inchi tatu kati ya chaga na chaga, na kwa kitanda cha futi tano au sita kwa upana, taka ubao wa kati wa kuzibeba, wenye mguu wake mmoja au miwili unaogusa sakafu. Chaga zenyewe zikiwa za paini nene iliyokauka hakuna neno. Ni sehemu ya bei ndogo, na ikivunjika unabadilisha kipande kimoja.

Nikae kidogo kwenye ukavu wa mbao, kwa kuwa ndiyo kasoro isiyoonekana siku ya kununua. Mbao mbichi ikiunganishwa Dar itaendelea kukauka ikiwa chumbani kwako. Maungio yatafunguka, ubao mpana wa kichwani utapasuka katikati. Ukihamishia kitanda hicho Dodoma au Singida mambo yanakwenda kasi zaidi. Fundi wengi hawana kipimo cha unyevu, lakini mkono una akili: ubao mbichi una ubaridi ukiuwekea kiganja, ni mzito kuliko mwenzake wa ukubwa ule ule, na msasa ukipitishwa juu yake unaziba badala ya kutoa vumbi kavu. Muulize pia zimekaa hapo tangu lini. Zilizopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite ni dalili ya fundi anayejua kazi.

Karakana za Magereza, kama ya Ukonga, ni mahali pengine pa kuuliza kwa mtu asiyejali mitindo mipya. Na kama una ndugu Tabora au Songea, kitanda kinaweza kukugharimu kidogo kule, ila mazao ya misitu yanasafiri kwa vibali. Pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ya wilaya hiyo, ujue karatasi zinazotakiwa, na risiti ya fundi iwepo. Kitanda kilichozuiliwa getini kinamaliza faida yote.

Paini

Paini nyingi inayouzwa Dar inatoka Nyanda za Juu Kusini. Shamba la Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Ni mbao ya kujengea, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Kwa kitanda inahitaji masharti: iwe imekauka, na iwe nene kuliko ambavyo ungetaka kwa mninga. Mfumbati wa paini wa inchi moja utapinda kama upinde, wa inchi mbili kwa sita utabeba. Madoa ya bluu ni ukungu wa mbao iliyokaa na maji. Hayapunguzi nguvu sana, lakini yanakupa historia ya ubao.

Usikubali zile zenye rangi ya kijani ya dawa. Ni mbao za kenchi na nguzo, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Haifai mahali ambapo mtoto atang'ata mfumbati.

Paini nairuhusu kwa kitanda cha mtoto cha tatu kwa sita, kwa dabodeka ya watoto wepesi, na kwa mtu anayejua wazi kwamba anataka miaka michache tu. Ikilipwa kwa bei ya paini, hakuna aliyeibiwa. Kosa ni kuilipia bei ya mninga.

Seti za dukani za MDF na chipubodi

Zinapendeza, hilo tulikubali. Rangi zinafanana, kioo kiko sawasawa, droo zinateleza kwenye reli, na hakuna wa kukuambia njoo kesho. Nyingi zinatoka China, nyingine Uturuki. Ndani yake kuna moja kati ya vitu viwili: chipubodi, ambayo ni maranda yaliyogandamizwa kwa gundi, au MDF, ambayo ni mbao iliyosagwa hadi kuwa nyuzi na kushindiliwa. MDF ni ngumu na laini zaidi, na ni nzito. Zote mbili zina adui mmoja, maji.

Nyumba zetu zinadekiwa. Kila asubuhi dekio linapita, linagusa ubao wa chini wa kabati, na kingo ya chini ndiyo ambayo kiwandani mara nyingi haikufunikwa. Baada ya miezi kadhaa kingo inavimba, karatasi ya juu inafunguka kwa pembeni, ubao unakuwa mnene chini kuliko juu, na mlango unaanza kukwaruza. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Mbao ikilowa inakauka na kurudi. Chipubodi ikivimba imevimba moja kwa moja.

Adui wa pili ni bisibisi. Skrubu inashika vizuri mara ya kwanza. Ukifungua kabati uhame, ukalifunga tena, tundu limeshakula nafasi yake, na vile viduara vya chuma vya kukazia pembe vinazunguka bure. Kabati la namna hiyo linavumilia kuhama mara moja kwa shida. Mlango ukining'inia kwa sababu bawaba imeng'oka, tiba ni kuziba tundu kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha kutoboa upya, au kuhamishia bawaba chini kidogo. Inafaa, lakini ni kiraka.

Harufu kali inayochoma macho kabati likiwa jipya inatokana na gundi, hasa ile yenye formaldehaidi. Uliza kama ubao una daraja la E1, yaani la formaldehaidi kidogo, au bora zaidi, na acha milango wazi siku kadhaa kabla ya kupanga nguo, hasa za mtoto mchanga.

Hata hivyo siyo kwamba MDF haifai kamwe. Mwenye nyumba yake, asiyehama, mwenye chumba kikavu, anaweza kukaa na kabati zuri la MDF muda mrefu. Likague hivi: liwe na miguu ya plastiki au ya chuma inayoliinua kutoka sakafuni, kingo zote ziwe zimefunikwa pamoja na zile za chini ambazo unapaswa kulala chini kuziona, mlango mrefu uwe na bawaba tatu au zaidi, na ubao wa mgongoni usiwe karatasi ngumu inayobonyea kwa kidole. Bomba la kutundikia nguo livutwe kwa nguvu hapo hapo dukani. Muuzaji akikunja uso, endelea kuvuta.

Kwa kitanda, sikushauri. Kitanda kinasukumwa, kinakaliwa pembeni, kinabeba watu wawili wanaogeuka usiku kucha, na mzigo wote huo unakwenda kwenye skrubu chache zilizoshika maranda.

Vitanda vya sofa

Vimeshika mji. Ubao wa kichwani umejazwa sponji, umevikwa velveti au ngozi ya bandia na vifungo vya kung'aa. Shida ni kwamba huoni kilicho ndani: unalipia kitambaa, fremu inaweza kuwa paini ya makreti. Ukikitaka, agiza kwa fundi na ukague mifupa kabla haijavalishwa, kwa utaratibu ule ule wa vanishi. Ngozi ya bandia ya bei nafuu inabanduka kwa joto letu, inaanzia pale unapoegemeza kichwa chenye mafuta. Kitambaa kinadumu zaidi lakini kinashika vumbi, na kunguni wakiingia humo utakichoma kitanda kizima. Kwa bajeti ndogo hiki ndicho cha kwanza kukiondoa kwenye orodha.

Chuma

Kitanda cha chuma kinadharauliwa kwa sababu kinakumbusha bweni. Ukiondoa kumbukumbu hizo, kina sifa nyingi: mchwa hawakigusi, hakipindi, kinafunguka kwa dakika chache, na fundi wa kuchomelea yuko kila mtaa.

Unachonunua ni unene wa bomba. Bomba la mraba linapimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo chuma ni kinene: geji 16 ni kama milimita moja na nusu, geji 18 ni kama milimita 1.2. Kwa kitanda cha watu wawili taka 16. Bomba jembamba linabonyea pale bolti zinapokaza, kisha kitanda kinaanza kulia, na kelele za kitanda katika nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani ni aibu ya kila siku. Raba nyembamba au kipande cha tairi la ndani la baiskeli kwenye maungio kinanyamazisha.

Tazama maungio yaliyochomelewa. Mshono mzuri umezunguka bomba lote. Mbaya ni vidoti viwili vitatu vilivyofunikwa na rangi. Rangi yenyewe ianze na ile nyekundu ya kuzuia kutu, hasa kwa anayeishi karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Unguja. Kutu inaanza ndani ya miguu, kwa kuwa maji ya kudeki huingia chini ya bomba lisilo na kofia. Nunua kofia za plastiki, ni bei ya soda. Chaga za chuma zilizochomelewa ni imara, ila zisiwe na ncha za kukwaruza godoro.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja asiyejua mwakani atakuwa wapi, chuma cha geji 16 ndicho jibu langu, hata mbele ya mninga.

Mtumba

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa methali ina maana yake ya moja kwa moja. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwenye ufa mwembamba kama unene wa kadi ya benki. Kabla ya kutoa fedha, pitisha tochi kwenye maungio, matundu ya skrubu, na nyuma ya ubao wa kichwani. Vidoti vyeusi vilivyotapakaa kama wino, maganda mepesi ya kahawia, au harufu nzito ya uvundo, achana nacho hata kikiwa cha bure. Godoro la mtumba na kitanda cha sofa cha mtumba sinunui kabisa. Mbao tupu ni rahisi: fungua kila kitu nje, mimina maji yanayochemka kwenye maungio na nyufa, anika juani hadi ikauke kabisa, kisha upige vanishi mpya inayoziba nyufa. Jua peke yake halitoshi.

Hatari hiyo ukiikwepa, mtumba ndio mahali ambapo fedha ndogo inanunua kitu kikubwa. Vitanda vya zamani vya mninga na mvule vimekauka kwa miaka, kilichokuwa kipinde kilishapinda, na kilichokuwa kiliwe kilishaliwa. Ukikuta hakina matundu leo, una uhakika ambao kitanda kipya hakiwezi kukupa. Wageni wanaomaliza mikataba Masaki na Oysterbay huuza vitu vyao kwa haraka, na familia zinazohamia mikoani nazo hivyo hivyo. Vanishi iliyochubuka isikutishe, ndiyo inayoshusha bei; msasa na makopo mawili yanairudisha. Zanzibar bado kuna samadari za mababu zinazolaliwa, zenye nguzo nne na uchongaji, lakini hizo siku hizi zinapigiwa bei ya mapambo, siyo ya bajeti.

Vya makontena ya Ulaya na Ghuba vina mtego wa vipimo. Kitanda cha sentimita 180 kwa 200 kinaitwa sita kwa sita na muuzaji, lakini futi sita ni sentimita 183. Godoro la futi sita kamili litabanwa kwa upana na kuacha pengo la sentimita 17 miguuni. Nenda na futi kamba, pima kitanda kwa ndani, pima na godoro lenyewe, usiamini jina.

Kabati linaposubiri

Ukikosa fedha ya kabati, usikimbilie lile la kitambaa lenye zipu na mabomba ya plastiki. Linabeba mashati, ukiweka mablanketi na vitenge viungio vinapasuka. Bomba la chuma la kutundikia, lililochomelewa na fundi yule yule wa vitanda vya chuma, likifunikwa na pazia, ni bora na ni rahisi zaidi. Vya kukunja vikae kwenye sanduku la bati au begi.

Likifika zamu yake, kabati halihitaji mninga wote. Fremu ya mbao ngumu, ubavu na mgongo wa plaiwudi, milango ya mbao au ya plaiwudi nene: gharama inashuka sana na hakuna kinachovimba haraka. Liache nafasi ya vidole vitatu vinne na ukuta. Masika, kati ya Machi na Mei, ukuta wa nje unatoa unyevu, na kabati lililogusana nao linaota ukungu mgongoni hadi kwenye suti.

Fedha yenyewe

Tuseme una laki nane na chumba kitupu. Bei za mbao hazitulii, kwa hiyo chukua mgawanyo, tarakimu zitabadilika. Nusu iende kwenye kitanda cha tano kwa sita, mbao ngumu, muundo wa kawaida usio na nakshi. Nakshi ni siku za kazi na hazibebi uzito. Robo na ushee iende kwenye godoro jipya lenye sponji nzito, kwa kuwa godoro baya juu ya kitanda kizuri ni usingizi mbaya. Kinachobaki ni bomba la nguo, pazia, usafiri wa kirikuu na akiba ya kabati.

Kwa nini tano kwa sita? Kwa sababu futi moja ya upana inaongeza mbao kila mahali, inaongeza bei ya godoro, shuka na chandarua, na vyumba vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi. Sita kwa sita humo ndani, na mlango wa kabati haufunguki.

Kwa laki tatu na nusu, usijaribu kubana mambo yale yale hadi yatoshe. Nunua chuma cha geji 16, godoro la heshima, basi.

Kitanda cha fundi kikishaingia ndani, rudi kwenye bolti na spana baada ya mwezi mmoja hivi, kisha mwishoni mwa kiangazi cha kwanza. Mbao itakuwa imekaa, nati zitakubali robo mzunguko. Weka spana hiyo chini ya godoro, siku ya kuhama usianze kuitafuta.